Ubao wa Rachida

Octave aliishika tablete kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa sahani yenye mafuta. Aliigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaigonga kioo kwa ukucha. Kioo hakikung'aa. Kilikuwa na rangi ya majivu mepesi, na juu yake maandishi ya mkono ya Rachida yalitulia, meusi, kana kwamba yameandikwa kwenye karatasi ya kawaida.

"Haina rangi?"

"Hapana, Prof. Nyeusi na nyeupe tu."

"Na taa?"

"Haina taa. Inasomeka mu mwangaza wa jua, sawa karatasi. Ndiyo maana betri inakawia."

Octave aliwatazama walimu wenzake waliokuwa wakila karanga kwenye benchi la varanda. "Mutu anatumia feza ya Ulaya kununua kitu yenye inafanana na karatasi," akasema. "Na karatasi iko inauzwa hapa nyuma ya soko."

Wenzake walicheka. Rachida hakucheka. Alikuwa amesimama tangu alipofika, kwa sababu hakuna aliyemwambia aketi. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapo Kasongo, na kwa miaka kadhaa alikuwa akisoma katika taasisi ya elimu ya juu alikofundisha Octave, baada ya saa za kazi. Octave ndiye aliyesimamia kazi yake ya mwisho, mémoire kama walivyoiita, juu ya nyimbo ambazo wanawake huziimba wakitwanga mpunga. Vitabu vyote alivyovisoma kwa ajili ya kazi hiyo, na nyimbo zote alizozikusanya vijijini, Wamaza na Lusangi, vilikuwa ndani ya kile kitu ambacho Octave sasa alimrudishia kwa vidole vilevile viwili.

"Ijumaa commission ya kupima mémoire inakaa," Octave akasema. "Utaniletea nyimbo yote ku karatasi, na maelezo yake. Jina ya mutu asiye na karatasi, nitaitosha mu liste, nitaifuta. Utarudia mwaka."

"Prof, naweza kukutumia kwa internet."

"Internet gani? Ya hapa? Leta karatasi, Mama Victoire. Mimi siko mutu ya kusoma mu vioo."

Kurudia mwaka maana yake ilikuwa moja. Mkuu wa shule moja ya sekondari alikuwa amemwekea Rachida nafasi ya kufundisha, akamwambia wazi kwamba ataishikilia hadi matokeo ya mwaka huu yatoke, si zaidi, kwa kuwa kulikuwa na mwingine aliyeingoja. Rachida aliifunga tablete kwenye kitenge, akaaga, akaondoka. Nyuma yake alisikia karanga zikivunjwa.

Njiani alipanga kazi yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupanga. Tablete ingeunganishwa kwa kable na kompyuta ya duka la kuchapisha, kurasa zingetoka, jambo lingekwisha. Betri ilikuwa karibu kuisha, lakini kable hiyohiyo ilitosha kwa kazi zote mbili.

*

Kable haikuwa kwenye droo.

"Pitchou amekuya asubui," mama mkwe wake alisema toka mkekani. "Alitafuta kamba ya telefone. Nikamuambia atazame mwenyewe."

Huyo ni Mama Mwavita, mama yake Moustapha, mume wa Rachida. Alikuwa ameketi chumbani penye giza kidogo, mjukuu wake Victoire, mtoto wa Rachida, amelala mapajani. Rachida alimgusa mtoto shingoni, akasahau kable.

"Tangu saa ngapi iko namna hii?"

"Tangu ulitoka. Nilimupangusa maji. Anatapika."

Katika kituo cha afya walingoja zamu nyuma ya watu wengi. Muuguzi alimchoma Victoire kidole, akathibitisha malaria, akampiga sindano, akampa Rachida vidonge na kumweleza namna ya kuvitumia. Alisema pia kwamba homa haitashuka mara moja. "Mupe muda, mama. Dawa haiko umeme." Rachida aliyarudia maneno hayo nyumbani, neno kwa neno, mbele ya Mama Mwavita, ili asije mtu akashtuka bure. Mama Mwavita aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amezika watoto wawili katika nyumba hiyo, enzi ambazo kituo cha afya kilikuwa kuta tu, na alikuwa na maoni yake juu ya kungoja.

Rachida aliiweka tablete mezani, karibu na dirisha. Kabla ya kulala yenyewe ili kutunza betri, iliacha kiooni ukurasa wa mwisho aliokuwa ameuandika, kwa kuwa ndivyo alivyoipanga. Vioo vya aina hiyo havihitaji umeme ili kushika maandishi. Vinauhitaji kuyabadilisha tu. Alikuwa amelieleza jambo hilo nyumbani mara nyingi, na kila mara ilionekana kana kwamba amelieleza ukuta.

Ukurasa huo ulikuwa wimbo wa Mama Mwavita mwenyewe. Rachida alikuwa ameandika nyimbo nyingine zote kwa herufi za Kifaransa, lakini mama mkwe wake hakupita shule ya herufi hizo. Yeye alisoma chuoni kwa baba yake, aliyekuwa mwalimu wa Kurani, na alijua herufi za Kiarabu tu. Basi Rachida alikuwa ameunakili wimbo wake kwa herufi hizo, kwa mwandiko safi, ili mwenye wimbo ausome na kuusahihisha. Ulikuwa ukingoja hivyo tangu Idi, siku miwani ya Mama Mwavita ilipokanyagwa. Moustapha aliahidi kununua nyingine. Moustapha alikuwa mtu mzuri na aliahidi vitu vingi.

"Mama, naenda kumutafuta Pitchou," Rachida akasema. "Mutoto amemeza dawa. Sitakawia."

"Enda tu. Na ile ubao yako?"

"Iache hapo mezani. Betri imeisha."

Mama Mwavita aliiita hivyo tangu siku ya kwanza, ubao, na Rachida hakuona sababu ya kumrekebisha. Ilifanana kweli na mbao walizoandikia chuoni zamani: mwalimu anaandika aya kwa wino, mtoto anaihifadhi, kisha ubao unaoshwa kwa maji safi ili upokee aya nyingine. Maji ya kuoshea hayakumwagwa njiani. Aliyekuwa mgonjwa nyumbani aliyanywa.

*

Kwenye kituo cha pikipiki Pitchou alikuwa amelala juu ya tanki la mashine yake, kofia usoni. Alikuwa mdogo wake Moustapha, na kwa sababu hiyo vitu vya nyumba ya Moustapha vilikuwa vyake pia, hadi pale vilipotafutwa.

"Shemeji," Rachida akasema. "Kable yangu."

"Kable gani?"

"Ile ulitosha mu droo asubui."

Pitchou aliinua kofia. "Aa. Ile niliazimisha kliya, abiria wangu. Ameenda nayo Lusangi."

"Kliya gani? Unamujua jina?"

"Ni mutu wa machimbo. Iko na meno ya zahabu. Atarudi, shemeji. Watu ya Lusangi wanarudiaka."

"Ijumaa?"

"Ijumaa, Jumapili. Anarudi tu."

Mwenzake wa pikipiki ya pili akaingilia, akicheka. "Mama, wewe siku ile ulikwenda Wamaza na telefone kubwa ya kiziwi, haiimbe, haiite mutu. Unataka kuishibisha ya nini? Iache ikufe na njala."

"Haiko telefone," Rachida akasema, ingawa alijua hakuna faida. "Iko kitabu na daftari pamoja."

"Basi kitabu inakula kura ya umeme? Wazungu watatuua na vicheko."

Safari ya kwanza ya Wamaza alikuwa amekwenda na daftari za kweli. Mvua ilimkuta njiani, pikipiki ikazama kwenye matope, na alipofika nyumbani kurasa zilikuwa zimegandana kama ugali uliolala. Zile zilizopona aliziweka chini ya kitanda, mchwa wakazimaliza. Ndipo dada yake Rosine, aliye Ubelgiji, alipomtumia tablete kwa mkono wa msafiri, na kipande cha ujumbe: hii mchwa hawaili. Kwa hiyo Rachida alirudi Wamaza, akaenda na Lusangi, akaketi kwenye vinu na wazee, akiandika kwa kalamu yake isiyo na wino. Mzee Albertine wa Wamaza alimwimbia nyimbo kwa Kibangubangu ambazo binti zake mwenyewe hawakuzijua. Alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita.

Rachida hakubishana tena. Alivuka hadi kwa Junior, fundi wa simu, akachagua kable mpya kati ya nyingi zilizoning'inia kama utumbo wa mbuzi, akakikagua kichwa chake, akalipa kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa sabuni. Alitembea haraka kurudi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kitu fulani kilikuwa kimekwenda jinsi kilivyopaswa kwenda.

*

Beseni jeupe, lile la wageni, lilikuwa katikati ya chumba. Tablete ilikuwa imesimamishwa ndani yake, ikiegemea ukingo, maji yakitiririka toka kwenye pembe. Mama Mwavita alikuwa ameshika kikombe kwenye midomo ya Victoire.

"Bismillahi. Mezea, mama yangu. Ingine kidogo."

Rachida alisimama mlangoni, kable mkononi.

"Mama. Umefanya nini?"

"Polepole, mutoto anakunywa." Mama Mwavita alingoja hadi kikombe kikaisha, akampangusa mtoto kidevu. Uso wake ulikuwa umetulia, uso wa mtu aliyetimiza wajibu. "Homa ilipanda. Alikuwa anatetemeka mikono. Nikaona aya iko pale mezani, imeandikwa muzuri kabisa, sawa mukono ya baba yangu. Nikasema, kumbe Rachida aliandikia mutoto wake na hakuniambia. Nikaosha na maji ya kunywa, safi."

"Mama, haiko..." Rachida alianza, akaacha. Aliinua tablete. Maji yalitoka kwenye tundu la chaji, yakaanguka sakafuni tone kwa tone.

"Na wino yako ni ya nguvu," Mama Mwavita akasema. "Nilisugua, nilisugua. Aya imekatala kutoka."

Ni kweli, ilikuwa bado pale. Mistari yote, myeusi, safi, bila doa. Rachida alibonyeza kitufe. Akakishikilia, akahesabu pumzi, akakibonyeza tena. Hakuna kilichobadilika.

Moustapha alipoingia, baada ya kufunga meza yake ya mchele sokoni, alimkuta mkewe amefukia tablete ndani ya gunia la mchele wa kuuza, ili mchele unyonye maji, akiwa amelikalia.

"Nini tena?"

Rachida alimweleza. Alieleza kwa mpangilio: maji, tundu, chuma kilicho ndani. Moustapha alichimba mchele, akatoa tablete, akaielekeza dirishani, akatabasamu kwa unafuu.

"Lakini iko inaonyesha. Tazama. Maandishi yote iko hapa."

"Imekufa, Moustapha."

"Kitu imekufa inaonyeshaka?"

"Hii ndiyo inaonyeshaka. Nilikuambia. Inashika ukurasa ya mwisho hata haina uhai."

Moustapha alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akachagua sentensi ambayo haingemgusa yeyote. "Basi tusipige kelele juu ya mutoto."

Hakuna aliyekuwa amepiga kelele.

*

Homa ya Victoire ilishuka kesho yake, kama muuguzi alivyosema ingeshuka. Mtoto aliomba uji, akaumaliza, akaomba tena. Rachida alimpa vidonge vyake kwa saa zake. Alikuwa bado ameshika kijiko wakati majirani walipoanza kuingia.

"Tumesikia mutoto amepona na maji ya ubao."

"Tunamushukuru Mungu," Mama Mwavita akajibu.

"Amepona na sindano," Rachida akasema. "Na vidonge. Hivi hapa."

"Ndiyo, dawa nayo inasaidia," jirani akakubali kwa adabu, jinsi mtu anavyokubali kwamba chumvi nayo ni chakula. "Lakini wanasema aya haitoke hata ukisugua. Kwetu mutoto wa Rachelle anakohoa. Hamuwezi kutuazima, hata mpaka kesho?"

Rachida alichukua tablete mezani mbele ya macho yao, akaenda kwa Junior.

Junior aliifungua mgongo kwa kipande cha plastiki, akaitazama ndani kwa taa ya simu, akanusa. Alikuwa fundi mwenye simu nyingi maiti mezani pake na hakupenda kuongeza. "Carte mère, moyo wa mashine, imeungua, mama. Kutu imeanza kuingia. Hii mashine sijawahi kuiona, na kifaa yake siwezi kuipata, hata Kindu hawana."

"Kurasa za ndani?"

"Ziko pamoja na carte. Zimeenda." Aliigeuza, akakiangalia kioo, akakitazama tena kwa mashaka. "Kioo ndiyo sijui. Kioo iko kama ya siku ya kwanza. Uniuzie? Nitaweka hapa mbele, watu wajue naweza."

"Unaweza nini?"

Junior alifikiri. "Waone tu iko inaonyesha."

Rachida alikataa. Kulia kungengoja usiku; mchana huo alikuwa na darasa, akafundisha hesabu za kugawanya kwa sauti ya kawaida, akasahihisha madaftari.

*

Ijumaa alikuwa mlangoni kwa Octave mapema. Alikuwa amekaa siku zilizobaki akiandika kwenye karatasi kila alichokikumbuka. Alikumbuka maelezo, majina ya watu, hali ya vinu. Nyimbo alizikumbuka vipandevipande, na aliona kwamba kipande cha wimbo wa mtu, ukikijaza kwa maneno yako mwenyewe, ni uongo. Hakujaza. Aliacha nafasi wazi.

Octave alipekua karatasi. "Hapa kuna tundu. Hapa tundu. Hapa tena tundu."

"Mashine imeingia maji, Prof. Iko hapa, uone mwenyewe."

Alikitazama kioo. "Naona inawaka."

"Haiwaki. Ni picha ya mwisho tu."

"Hii Kiarabu. Mémoire yako iko juu ya Kiarabu?"

"Ni Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Ni wimbo ya mama mukwe wangu."

"Fungua page ingine."

"Haifunguke, Prof. Ndiyo naeleza."

Octave aliweka karatasi juu ya tablete, akavisukuma vyote viwili upande wa Rachida, taratibu, bila hasira. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Hasira ingekuwa heshima. "Mama Victoire, mutu mwenye iko na page moja haiko na mémoire. Wazee wako Wamaza, wako Lusangi. Rudia huko. Mwakani uniletee."

"Mumoja amekufa."

"Basi utaandika ya wazima."

Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Rachida kwenye orodha. Ilikuwa kalamu ya kawaida, ya bluu, na mstari wake ulionekana toka upande wa pili wa meza.

*

Moustapha alikuwa amenunua miwani. Labda ni dhamiri, labda ni furaha ya mtoto kupona. Rachida alipofika nyumbani alimkuta Mama Mwavita uani, akiwa amepangusa vioo vipya kwa upindo wa kitenge, Victoire akicheza na vifuniko vya sufuria miguuni pake, sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikichemka kando.

"Leta ubao," mama mkwe akasema. "Nisome vile ilituponyesha mutoto."

Rachida angeweza kusema hapana. Badala yake aliitoa kwenye mfuko, akampa, akaketi juu ya kinu kilicholala.

Mama Mwavita aliiinua kwenye jua. Midomo yake ilianza kusogea jinsi inavyosogea kwa mtu anayesoma Kurani, kwa uzito. Kisha ikasimama. Akasoma upya tangu juu, sasa kwa sauti.

"Twanga, mwenzangu, twanga,
mume amerudi mikono mbele;
nilimtuma chumvi,
ameniletea habari."

Kuku mmoja alipita kati yao. Mama Mwavita alishusha ubao magotini.

"Hii wimbo yangu."

"Ndiyo, Mama. Nilitaka uisahihishe."

"Nilimunywesha mutoto wimbo ya kutwanga." Alisema bila kumtazama mtu, akaugeuza mkono wake, ule alioshikia kikombe. Victoire aligonga kifuniko juu ya kifuniko. "Na zile zingine? Ya Wamaza, ya wale wazee?"

"Zilikuwa ndani. Maji imezimaliza."

"Zote?"

"Zote. Imebaki hii."

"Lakini hii iko na mimi." Mama Mwavita aligusa kifua chake, kweli akishangaa, kama mtu aliyeona nyumba nzima imeungua ukabaki ufagio. "Hii ungeniomba siku yoyote."

"Ndiyo, Mama."

Rachida alitazama ukuta. Mama Mwavita alisawazisha miwani machoni, akainamia tena kioo, kwa bidii ya mtu anayetafuta kazi ya mikono ili asiongee. Kidole chake kilifuata mistari hadi mwisho, kikasimama mahali patupu.

"Tena haukumaliza. Umeacha mustari."

"Mustari gani?"

"Wa mwisho. Bila ule wimbo haiko na meno." Akaimba kwa sauti ndogo, akipiga goti mahali ambapo mchi ungeanguka: "Basi tutie habari mu sombe, tule."

Rachida alijikuta ameshika kalamu. Ilikuwa bado imenata ubavuni mwa tablete, mahali pake, na mkono uliijua njia. Aliinama kwenye mapaja ya mama mkwe wake, akaweka ncha chini ya mstari wa nne, akaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi baada ya herufi, sentensi nzima, kwa mwandiko safi.

Kalamu ilikwaruza kioo kwa sauti ileile ya chaki. Chini ya mstari wa nne pakabaki peupe.

"Andika basi," Mama Mwavita akasema.